Uasilia wa magari ya Kiitaliano ya zamani: mkusanyaji hununua kitu gani hasa?

#1 — Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mwezi Agosti mwaka 2018, katika mnada wa RM Sotheby's huko Monterey, California, Ferrari 250 GTO yenye namba ya chasisi 3413GT iliuzwa kwa dola milioni 48.4 pamoja na ada za mnada. Hadi siku hiyo hakuna gari lililokuwa limewahi kufikia bei hiyo mnadani. Jambo ambalo wengi walilipita juu juu ni kwamba bodi ya gari hilo si ile lililotoka nayo mwaka 1962. Mwaka 1964 lilipelekwa Modena, kwenye karakana ya Scaglietti, likavuliwa bati lake la kwanza na kuvikwa bodi ya toleo la pili la GTO, kwa sababu gari la mashindano huishi kwa kubadilika na umbo la mwanzo lilikuwa limeanza kuachwa nyuma. Ikiwa gari lililovunja rekodi ya bei lina bodi ya pili, basi neno "asilia" wanalolitamka wakusanyaji kila siku lina maana gani?

Nina msimamo wangu, nao nitausema mapema ili anayenipinga ajue nimesimama wapi. Anayenunua gari la aina hii ananunua namba iliyogongwa kwenye chasisi pamoja na maisha yote yaliyoandikwa chini ya namba hiyo. Uasilia ni kushikamana kwa maisha hayo bila pengo na bila uongo. Gari linaweza kubadilishwa mengi na likabaki lenyewe, alimradi tunajua nani alibadilisha, lini, na kwa sababu gani. Vilevile linaweza kung'aa kila pembe, likapata tuzo na vyeti, na bado likawa limepoteza karibu kila kilicholifanya litafutwe.

Lazima tukumbuke pia jinsi magari haya yalivyotazamwa zamani. Kati ya mwaka 1962 na 1964 zilitengenezwa GTO 36 tu, lakini baada ya miaka michache ya mashindano zilihesabiwa kuwa mitumba iliyochoka. Mojawapo, namba 3589GT, ilitolewa zawadi kwa shule moja ya sekondari huko Texas, na mwaka 1972 shule ikaiuza kwa dola 6,500. Mnunuzi aliipeleka Ohio, akaiacha nje juu ya trela, ikanyeshewa mvua na kupigwa na jua kwa zaidi ya miaka kumi. Nalieleza hili kwa sababu mambo mengi tunayoyalalamikia leo, injini zilizopotea, giaboksi zilizobadilishwa, bodi zilizokatwa, yalifanywa na watu waliokuwa na gari kuukuu mikononi na walitaka litembee. Hatuwezi kuwahukumu kwa bei za leo.

#2 — Mchangiaji

Mkuu, nakushukuru kwa uzi huu, lakini hapo kwenye 3413GT naona umeukwepa ugumu. Ukikubali bodi ya pili, utazuia vipi mtu aliyeibadilisha bodi mwaka jana naye asiseme gari lake ni asilia? Bati ni bati.

#3 — Mleta uzi

Swali lako ndilo kiini cha mjadala, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Tofauti inatokana na wakati na mkono. Bodi ya 3413GT ilibadilishwa gari likiwa bado kazini, na aliyeibadilisha ni yuleyule aliyekuwa akitengeneza bodi zote za GTO kwa niaba ya Ferrari. Magari manne ya toleo la kwanza yalifanyiwa hivyo, na mengine matatu yakatengenezwa na umbo hilo tangu mwanzo. Mabadiliko hayo yenyewe ni sehemu ya historia ya mashindano ya miaka ile. Tena injini yake, giaboksi yake na difu yake ya nyuma vilibaki vile ilivyozaliwa navyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Ferrari 375 MM ya mtengenezaji filamu Roberto Rossellini. Gari hilo lilianza mwaka 1954 likiwa la wazi, lenye bodi iliyotengenezwa na kampuni ya Pinin Farina. Likapata ajali, na Rossellini akampa Scaglietti kazi ya kulitengenezea bodi mpya yenye paa. Mwaka 2014 gari hilo, likiwa na bodi hiyo ya pili, lilishinda tuzo kuu ya maonyesho ya Pebble Beach, na lilikuwa Ferrari ya kwanza kupata heshima hiyo. Fikiria mkusanyaji angeamua "kulirudisha katika asili" kwa kulivua bodi ya Scaglietti na kulichongea bodi ya wazi inayofanana na ile ya kwanza. Angekuwa ameharibu kitu halisi cha miaka ya hamsini ili kutengeneza mfano wa leo wa kitu kilichokwisha kupotea.

Kwa hiyo, mkuu, aliyebadilisha bodi mwaka jana hana haki ya kulinganishwa na Scaglietti wa mwaka 1964. Anachoweza kudai ni kwamba ameitunza chasisi na akaandika wazi kuwa bodi ni mpya. Akiandika hivyo, namheshimu.

#4 — Mchangiaji kutoka Mombasa

Naomba niongeze neno. Kwetu jahazi hubadilishwa mbao mwaka hadi mwaka, na hakuna anayesema hili sasa ni jahazi jingine. Lakini wazee wa bandarini hukuuliza habari ya mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa ya chombo, kwa sababu mataruma na mbao zote husimama juu yake, na mkuku ukibadilishwa, watu huanza kusema chombo kimeundwa upya. Nadhani chasisi ndiyo mkuku wa gari. Basi nina swali: chombo kikiungua chote ukabaki mkuku peke yake, hapo pana jahazi?

#5 — Mleta uzi

Ndugu yangu, swali hilo liliulizwa hadharani mwezi Agosti mwaka 2023, tena Monterey. Ferrari 500 Mondial ya mwaka 1954, namba 0406 MD, iliuzwa ikiwa lundo la bati lililosinyaa na kuungua. Lilikuwa gari la pili kutengenezwa katika aina yake, likaendeshwa katika mashindano ya Mille Miglia, kisha miaka ya sitini likagongwa na kuungua moto. Picha zake zilizunguka dunia nzima, kwa sababu mtu asiyejua angeweza kudhani ni chuma chakavu kinachosubiri mizani. Aliyelinunua alilipa dola milioni 1.875.

Mimi nasema jahazi lipo, lakini ni jahazi lililoungua, na mnunuzi ana njia mbili za kulitendea. Anaweza kulijenga upya na siku ya kuliuza akasema: hii ni chasisi ya 0406 MD, na vyote vinavyoonekana ni kazi mpya ya mikono ya mafundi wa leo. Au anaweza kulijenga upya, akasubiri miaka ishirini hadi rangi ichakae na wanaojua wapungue, kisha akaliuza kana kwamba moto haukutokea. Chuma kitakuwa kilekile katika njia zote mbili, lakini ya pili ni wizi wa historia.

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaoniuma zaidi, nao ni magari yaliyouawa ili mengine yafanane na wafalme. Ferrari 250 GTE, yenye viti vinne, ilitengenezwa kati ya mwaka 1960 na 1963, takriban magari 950. Ilikuwa na injini ya lita 3 yenye silinda 12, ya ukoo uleule wa injini ya GTO, ila umbo lake lilikuwa la kifamilia na bei yake ilishuka sana. Basi mafundi wakazinunua kwa bei ya kutupa, wakazivua bodi, wakakata chasisi, na juu ya mifupa yao wakajenga nakala za GTO na za Ferrari nyingine za thamani, yaani Testa Rossa na California Spider. Kila unapoona nakala nzuri ya GTO yenye injini halisi ya Ferrari, uliza ni GTE gani iliyochinjwa. Leo GTE kamili inatafutwa kwa heshima yake yenyewe, lakini zilizokatwa hazirudi.

Jambo kama hilo liliikuta Daytona. Ferrari ilitengeneza Daytona za wazi zipatazo 120 tu, na zilipopanda bei, mafundi wakaanza kuzikata paa Daytona za kawaida. Miura za Lamborghini nazo hazikupona: nyingi za toleo la mwanzo zilibadilishwa zifanane na toleo la SV, ambazo zilitengenezwa 150 tu, na nyingine zikageuzwa nakala za Jota, gari la majaribio alilolijenga Bob Wallace na ambalo liliteketea mwaka 1971.

#6 — Mchangiaji

Ferrari wenyewe wana idara ya kuthibitisha magari ya zamani, na wanatoa kitabu chekundu. Kwa nini tusumbuke na mjadala wote huu? Kitabu kikiwepo, gari ni asilia. Kisipokuwepo, aliuze anayetaka kuliuza.

#7 — Mleta uzi

Mkuu, hapa ndipo wanunuzi wengi wenye fedha na haraka hupotea.

Ferrari Classiche, idara unayoisema, ilianza miaka ya mwanzo ya elfu mbili, na kazi yake naithamini kwa sababu ina michoro na kumbukumbu ambazo hakuna mtu wa nje anazo. Lakini inachothibitisha ni ulinganifu: chasisi, bodi, injini, giaboksi na vinginevyo vinalingana na vipimo vya kiwanda vya gari la aina hiyo. Gari ambalo injini yake ya kwanza ilipotea linaweza kuthibitishwa likiwa na injini nyingine ya aina ileile. Huo si udanganyifu, maana kitabu chenyewe kinaeleza. Tatizo ni mnunuzi anayeona jalada jekundu akaacha kusoma yaliyomo ndani.

Lamborghini nao walianzisha Polo Storico mwaka 2015, na mwaka 2021 idara hiyo ilifanya jambo ambalo kila mshiriki wa mjadala huu anapaswa kulitafakari. Countach ya kwanza kabisa, LP500 ya rangi ya njano iliyoonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1971, iliharibiwa katika jaribio la kugonganisha mwaka 1974. Haikubaki. Mteja mmoja mkusanyaji akaomba itengenezwe tena, na baada ya saa zaidi ya 25,000 za kazi, Polo Storico wakaionyesha kwenye maonyesho ya magari ya zamani ya Villa d'Este, Italia. Pirelli walitengeneza hadi matairi yanayofanana na yale ya mwaka 1971. Ufundi wake ni wa kustaajabisha, na Lamborghini walisema wazi kuwa ni gari lililojengwa upya. Hata hivyo, aliyelitengeneza ni kiwanda halali, vipimo ni sahihi, michoro ni ya kweli, na bado silo gari lile. Ukilielewa gari hilo la njano, umeelewa kwa nini muhuri wa kiwanda peke yake hauleti uasilia.

Basi mtu atazame nini? Kwanza namba, na zote, siyo ya chasisi peke yake. Ferrari za miaka ile, mbali na namba ya injini, zilikuwa na namba za ndani zilizogongwa kwenye injini na giaboksi, na zilirekodiwa kwenye karatasi za ujenzi wa gari. Mtazamaji mzoefu hukagua umbo la tarakimu, kina cha kugongwa kwake, na kama chuma kinachozizunguka kimesagwa na kulainishwa, kwa maana aliyefuta namba huacha kovu. Pili ni karatasi. Italia ina rejista ya magari ya umma, PRA, iliyoanza mwaka 1927, nayo hutoa dondoo inayoonyesha wamiliki kwa mfuatano. Kwa gari lililoishi Italia, dondoo hiyo ina uzito kuliko barua kumi za wauzaji. Tatu ni picha za zamani, hasa za mashindano: tundu la hewa, mstari wa riveti, mkunjo wa bati karibu na taa. Wanahistoria kama Marcel Massini wa Uswisi wamejenga jina lao kwa kufuata chasisi mojamoja kwa njia hiyo, na ripoti zao huambatanishwa na gari linapouzwa.

#8 — Mchangiaji

Umesema sana kuhusu uasilia, lakini kichwa cha uzi kinauliza mtu hununua kitu gani. Umiliki je? Maana naona mtu anaweza kuwa na gari na asiwe na haki nalo.

#9 — Mleta uzi

Ni kweli kabisa, na mambo hayo mawili hukutana mahakamani.

Mwaka 2017 mfanyabiashara wa magari wa London alinunua GTO namba 3387GT, iliyoshika nafasi ya pili katika mashindano ya Sebring, Marekani, mwaka 1962, kwa dola milioni 44. Gari lilikuwa na giaboksi nyingine. Giaboksi yake ya kwanza ilikuwa imepatikana mikononi mwa mtu mwingine huko Marekani, na muuzaji aliahidi kuikabidhi. Wakagombana juu ya nani aigharamie na nani aifuate. Kesi ikasikilizwa katika Mahakama Kuu ya London, na mwaka 2020 mnunuzi akashinda. Kwa mtazamaji wa nje inaweza kuonekana ajabu kwamba watu wenye gari la dola milioni 44 wafike mahakamani kwa ajili ya giaboksi ambayo gari linatembea bila ya kuwa nayo. Mimi sioni ajabu. Kiungo kile kilikuwapo Sebring, na bila chenyewe historia ya gari ina tundu.

Kesi ya Ferrari 375 Plus namba 0384AM ni ya kusikitisha zaidi. Gari hilo la timu ya kiwanda ya mwaka 1954 lilikuwa mali ya mtu mmoja wa Ohio tangu miaka ya hamsini, likiwa limefunguliwa vipande kwenye eneo lake. Katika miaka ya themanini wezi walichukua chasisi na bodi, vikavuka bahari hadi Ubelgiji, na hatimaye vikawa mikononi mwa Jacques Swaters, dereva wa zamani wa mashindano na mwakilishi wa Ferrari nchini humo. Vipande vingine vilibaki Ohio. Kwa miaka mingi gari moja likaishi mabara mawili, na kila upande ukiwa na sehemu ya ukweli. Mwaka 2014 pande zote zilifikia makubaliano, likauzwa na Bonhams huko Goodwood kwa zaidi ya pauni milioni 10.7, na hata baada ya hapo kesi zikaendelea, kwa sababu wapo waliodai kwamba haki ya umiliki haikuwa safi.

Kuna pia Lamborghini Miura ya toleo la SVJ, namba 4934, iliyotengenezwa mwaka 1971 kwa ajili ya Shah wa Iran. Mapinduzi ya mwaka 1979 yalipotokea gari likabaki kwa serikali mpya, kisha likatoka nje ya nchi, na mwaka 1997 mwigizaji Nicolas Cage akalinunua. Katika gari lenye maisha kama hayo, karatasi ya kulitoa nchini ina thamani sawa na kiungo chochote cha injini.

#10 — Mchangiaji

Mkuu, naomba kuuliza la mwisho kwa upande wangu. Kama hayo yote ni kweli, basi gari lisiloguswa kabisa, lenye vumbi na viti vilivyochanika, ndilo bora kuliko lililokarabatiwa kwa mamilioni?

#11 — Mleta uzi

Kwa moyo wangu wote nasema ndiyo, ijapokuwa najua wapo watakaonikatalia.

Mwezi Februari mwaka 2015, mjini Paris, kampuni ya Artcurial iliuza magari ya familia ya Baillon yaliyokuwa yameachwa kwenye vibanda vya shamba huko magharibi mwa Ufaransa. Kati yake palikuwa na Ferrari 250 GT California Spider ambayo iliwahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon, imefunikwa na magazeti ya zamani. Ilinunuliwa kwa zaidi ya euro milioni 16. Mwaka 2017, mjini Maranello penyewe, kwenye makao ya Ferrari, Daytona pekee ya barabarani yenye bodi ya alumini, iliyokuwa imelala Japani kwa karibu miaka 40, iliuzwa na vumbi lake kwa euro milioni 1.8. Wanunuzi walilipa kiasi hicho kwa sababu rangi ile ilipulizwa na mkono wa wakati ule na uzi wa viti ulishonwa wakati ule.

Mafundi wa Scaglietti walikuwa wakigonga alumini kwa nyundo, na mara nyingi upande wa kushoto wa gari haukulingana sawasawa na wa kulia. Ukarabati wa miaka ya themanini ulisawazisha kila kitu, ukajaza kila mwanya, ukapaka rangi nene yenye mng'ao ambao kiwanda hakikuwahi kuutoa. Mashahidi wa kazi ya mikono ile walifutwa kwa nia njema. Hali inabadilika polepole: mwaka 2024 Pebble Beach, kwa mara ya kwanza, ilitoa tuzo yake kuu kwa gari lisilokarabatiwa. Halikuwa la Kiitaliano, lilikuwa Bugatti Type 59, lakini wakusanyaji wa Ferrari na Lamborghini waliliona.

Sisemi gari lililooza chasisi liachwe likatike njiani. Mkataba wa Torino, uliopitishwa na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, unatoa mwongozo ninaoukubali: tengeneza kile tu kinachohitaji kutengenezwa, weka kumbukumbu, na kipande kipya kitiwe alama ili anayekuja baadaye akitambue. Mimi ningeongeza kwamba kila kinachotolewa, hata bomba lililotoboka au kipande cha ngozi kilichochanika, kifungwe, kiandikwe namba ya chasisi, na kiende pamoja na gari kila linapouzwa. Giaboksi ya 3387GT ingekuwa na karatasi kama hiyo tangu siku ilipofunguliwa, na ikabaki na gari lake, watu wale wasingefika mbele ya jaji.